Biskuti Nilizokula Kama Dawa

Bwana asifiwe, nyinyi mlioketi na nyinyi mliobanana pale mlangoni. Mtaniwia radhi nikisimama mbele yenu na kiatu kimoja. Sikulewa. Nimevua cha kushoto kwa sababu ushuhuda wangu uko hapa chini. Hesabuni vidole. Ndiyo, mama, umehesabu sawasawa. Ni vinne.

Mzee wetu wa kanisa aliniambia wiki iliyopita, "Njoo na shukrani, hasira uiache nyumbani." Nimejaribu, ndugu zangu. Leo asubuhi niliiacha nyumbani kabisa, lakini nilipofika stesheni ya Ruiru nikaikuta imenitangulia. Basi nitawapa zote mbili, shukrani na hasira, na mtachagua wenyewe mtakachobeba.

Wengi mnanijua. Mimi ni mpishi katika nyumba ya Wazungu, kwenye shamba la kahawa kule Ruiru, na huu ni mwaka wa tisa. Leo sitataja jina la mtu, wala jina lililoandikwa kwenye kopo. Mnaofanya kazi jikoni mnajua maisha yetu. Mchuzi lazima uonjwe. Pudini ikirudi nusu kutoka mezani, haitupwi. Chai ya saa nne ni ya maziwa ya kopo na vijiko vinne vya sukari. Na baada ya kuonja siku nzima, jioni narudi chumbani kwangu na kusonga ugali wangu kamili, kwa sababu kuonja si kula. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nikanenepa. Na nani angenikataza? Kila nilipokwenda nyumbani likizo, baba zangu wadogo walinipiga tumboni kama watu wanaokagua ng'ombe, wakasema, "Sasa wewe ni mtu! Ruiru imekupokea." Nilitoboa mshipi wangu matundu mapya mara tatu, na kila tundu nililionea fahari.

Kisha ikaja kiu. Nilikunywa maji debe zima, na kutwa nzima nilikuwa natoka jikoni kwenda msalani. Halafu kiatu kipya kikanichubua kidole kidogo cha mguu huu. Kidonda kama punje ya mahindi. Nilisema kitapona kufikia Jumapili. Jumapili nne zikapita.

Hospitalini hapa Thika dresa, yule anayefunga vidonda, alikiangalia kidonda, akaniangalia tumbo, akanipeleka kwa daktari. Walinipima mkojo. Daktari akasema nina ugonjwa wa sukari, akanieleza kwa Kiswahili chake cha pole pole. "Punguza mwili. Punguza ugali, punguza mkate, acha sukari. Usipopunguza, kidonda hiki kitapanda, na mguu tutaukata." Nikamuuliza, "Daktari, mpishi wa mguu mmoja nani atamwajiri?" Alipoona nimejikunja kwa woga, akasema neno la kunituliza: "Kuna vyakula vilivyotengenezwa kwa watu kama wewe."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Neno "punguza" sikulisikia, neno "acha" sikulisikia. Nilisikia hilo la mwisho tu, nikatoka mle nikichechemea kwa furaha.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa. Kwenye rafu, katikati ya kwinini na dawa za kikohozi, palikuwa na makopo ya biskuti. Moja lilikuwa na picha ya mwanamke mwembamba kama fito, amejishika kiuno, anacheka. Nikauliza, "Hizi ni za kazi gani?"

"Za kupunguza mwili," mwenye duka akasema. "Na hazina sukari. Watu wakubwa wote wanakula hizi."

"Hata mimi zitanipunguza? Niangalie vizuri."

Akaniangalia. "Wewe ukichukua mbili itakuwa bora."

Mbili, akimaanisha makopo. Nikachukua mawili, na chupa ya jamu isiyo na sukari, na vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai. Pesa ya kununulia blanketi ikaishia pale.

Sasa sikilizeni kosa langu, na msicheke kabla sijamaliza. Nimenunua kitu hiki wapi? Duka la dawa. Nimeambiwa ni cha kazi gani? Kupunguza mwili. Basi akilini mwangu hiki kilikuwa nini? Dawa! Na dawa tumefundishwa inavyomezwa: asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula, na tumbo lisiwe tupu. Nilikula ugali wangu vilevile, mkate wangu vilevile, kisha nikafungua kopo na kumeza dozi. Biskuti nne mara tatu kwa siku, zimepakwa ile jamu. Baadaye nilikuwa nakaa kitini nikingoja mafuta yayeyuke.

Haya, chekeni. Mimi pia nacheka siku hizi. Lakini niambieni, nani kati yenu angejua?

Pale shambani hakuna mizani ya watu. Kuna mizani ya kahawa, ndani ya stoo, na karani wa stoo alikubali kunipima kila Jumamosi baada ya magunia. Yule bwana ana mdomo. Siku ya kwanza aliwaambia wapakiaji, "Simameni kando, gunia la leo limekuja kwa miguu yake!" Nilikuwa na ratili mia mbili na kumi na nne. Jumamosi iliyofuata, mia mbili na kumi na sita. Iliyofuata, mia mbili na kumi na tisa.

"Mzee wa jikoni," akaniambia, "hiyo dawa yako ingekuwa mbolea tungeinyunyiza kwenye kahawa."

Sikukasirika naye. Nilifikiri dozi ni ndogo. Nikanunua makopo mengine, nikaiongeza, biskuti sita kila mara. Kidonda nacho kikaongezeka. Kidole kikawa cheusi ubavuni na kikaanza kunuka, na jikoni ni mahali ambapo harufu haifichiki. Memsahib, mama mwenye nyumba, akaniita. Akasema kwa upole, lakini alisema, kwamba mpishi mwenye kidonda hawezi kushika chakula cha watoto wake. Alinipa mwezi mmoja. Nisipopona, ataandika mpishi mwingine, na mimi nirudi kwetu magharibi nikakae.

Nikaandika barua nyumbani, na mke wangu akapanda treni akaja. Yule pale, wa kitambaa cha bluu. Usijifiche, mama watoto.

Siku ya kwanza aliketi akanitazama nikila. Nikala ugali, nikala maharagwe, nikanawa, nikafungua kopo.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa ya mwili."

"Nipe nionje." Akatafuna. "Hii ni biskuti."

"Ni biskuti ya kupunguza mwili."

"Inapunguzaje?"

Nilikuwa nimekula makopo matano, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

"Baba watoto," akasema, "kuku ukimwongezea mtama, anakonda? Wewe umekula, umeshiba, kisha unaongeza. Hata kama biskuti ingeandikwa Biblia yote, bado umeongeza."

Nikamwambia yeye wa nyumbani hajui mambo ya hospitali. Naliungama hilo mbele yenu, maana nalo ni dhambi yangu. Akasema, "Sawa, mimi sijui. Lakini wewe ni mpishi. Kesho nenda na hilo kopo jikoni, ulitazame kama mpishi."

Na hapo, wapendwa, ndipo nilipofunguka macho. Kazi yangu ni kusoma kitabu cha mapishi kila siku iendayo kwa Mungu. Nasoma Kiingereza cha jikoni vizuri kabisa, unga, siagi, mayai, kiasi gani, moto gani. Lakini lile kopo nilikuwa nimesoma herufi kubwa tu, na yule mwanamke wa picha. Asubuhi ile nililigeuza nikasoma herufi ndogo za nyuma, kidole juu ya kila neno. Unga wa ngano. Mafuta. Mayai. Maziwa ya unga. Kitu cha kutia utamu mahali pa sukari. Nikaanza upya, nikidhani nimeruka mstari wenye dawa. Hakuna mstari wenye dawa!

Ilikuwa biskuti yangu mwenyewe, ile ninayooka kila Jumatano, imevuliwa sukari tu. Unga ulikuwepo. Mafuta yalikuwepo, na naona yaliongezwa, maana ukitoa sukari biskuti huwa kavu, lazima uilainishe kwa kitu. Nikachukua mizani ya jikoni, biskuti sita upande huu, vipande vya mkate upande ule. Zilikuwa nzito kama vipande vitatu vinene. Mara tatu kwa siku! Nilikuwa nakula mkate mzima juu ya chakula changu, nikiwa na mguu unaooza, na nikimshukuru Mungu kwa dawa. Na chini kabisa, herufi ndogo kama sisimizi: zitumike badala ya mkate, kwa kiasi atakachosema daktari.

Badala ya mkate. Kwa nini maneno hayo hayakuandikwa mbele, mahali pa yule mwanamke anayecheka? Nani aliyeamua kwamba picha iwe kubwa kama kiganja na onyo liwe kama sisimizi? Nauliza, kwa sababu aliyepanga hivyo alijua mtu mwenye hofu husoma nini kwanza.

Mchana ule nilipata ruhusa nikaja Thika na makopo yangu mawili ya mwisho, moja tupu na moja nusu. Nikayaweka mbele ya mwenye duka. "Uliniambia zitanipunguza."

"Mzee, mimi nauza, siandiki."

"Lakini mdomo unao! Ungeniambia, hizi ni za kula mahali pa mkate."

"Hukuuliza."

Hukuuliza! Wateja walikuwa wamegeuka wote. Nikaweka mguu huu juu ya sanduku, nikafungua bendeji, nikamwambia, "Huu ndio unaouliza." Mwenye duka aliangalia, akakaa kwenye kiti chake. Nikachukua makopo yangu, nikaenda hospitalini kwa mguu uleule.

Kidole hakikuokoka. Walikitoa wiki ile. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza habari ya goti.

Niliporudi, memsahib alinipa wiki sita zaidi za kupona, na mke wangu akashika sufuria. Ugali ukawa nusu ya nusu, mboga zikajaa sahani: kunde, sukuma, mrenda, siku nyingine maharagwe bila mafuta. Nilipoanza kazi tena jikoni kwa memsahib, nikajifunza kuonja kwa ncha ya kijiko na kusukutua maji. Pudini iliyorudi, niliwapa wanaopalilia bustani. Wiki ya kwanza nilikuwa mkali kama nyuki. Karani alinipima, mia mbili na kumi na nane. Akataka kufanya mzaha, akauona uso wangu, akameza. Lakini Jumamosi baada ya Jumamosi ule mkono wa mizani ukaanza kurudi nyuma, na siku ulipofika mia na tisini alipiga kelele hadi wapakiaji wakaacha magunia: "Mpishi ameibiwa! Ratili zake zimeibiwa!" Kidonda kilifunga. Kazi ninayo hadi leo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mnaobanwa na mshipi na nyinyi mlioambiwa na daktari kama mimi. Sisemi vitu hivyo vyote ni uongo. Vile vidonge vya chai bado natumia, kwa sababu vilichukua mahali pa vijiko vinne vya sukari, na vijiko hivyo havikurudi kwa mlango mwingine. Biskuti nazo zingenifaa kidogo kama zingechukua mahali pa mkate. Kwa hiyo mtu akikuletea chakula cha kupunguza mwili, muulize: nikila hiki, niache nini? Asipokuwa na jibu, ujue ni chakula tu kilichovaa koti la daktari. Na mkate mdogo wa kawaida, uliokatwa na mkono wako mwenyewe, utakufaa kuliko hicho, tena utabaki na pesa ya blanketi. Msione haya kuuliza. Mimi niliona haya kuonekana mshamba, na haya hiyo imenitoa kidole.

Namshukuru dresa aliyeniosha kidonda bila kuziba pua. Namshukuru karani na mdomo wake, kwa kuwa hakuchoka kunipima. Nawashukuru akina mama wa kanisa hili mlioniletea mboga nilipokuwa nimelala. Na mke wangu, ambaye nilimwambia hajui, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa wote kama nilivyokuomba nyumbani.

Lile kopo tupu alitaka kulitupa, nikamkataza. Tumekwangua yule mwanamke wa picha kwa msumari, na sasa linakaa juu ya pipa la unga. Ndilo kipimo cha ugali wangu: nusu kopo, si zaidi, na mke wangu hupitisha kisu juu ili unga usifanye kilima. Basi niwe mkweli hata kwa adui yangu. Lile kopo lilisema litanipunguza mwili, na limenipunguza, tangu siku tulipomwaga biskuti.