Muzee Hubert Lobho na Nyumba Aliyojenga Juu ya Mulima Dhezo

Ndugu na jamaa, majirani wa Rwambuzi hapa Bunia, na ninyi mliotoka kambi ya waliokimbia vita kwa miguu ili mufike hapa: jina langu ni Priscille, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia ilinipa kazi ya kusoma maisha ya Papa, na ikanipa sharti moja tu, nisidanganye. Basi nitasoma kama ilivyokuwa.

Muzee Hubert Lobho alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, kijijini chini ya Mulima Dhezo, kilomita arobaini na mbili kaskazini ya Bunia, katika eneo la Djugu. Baba yake, Vital, alichunga ng'ombe za watu wengine. Mama yake, Élise, alilima maharagwe na mihogo. Alikuwa wa tano kati ya watoto saba, na tangu mwaka 2016 ni yeye peke yake aliyebaki. Mulima ule ulikuwa malisho. Alipanda kule kila siku na baba yake, na alituambia mara nyingi kwamba akiwa mdogo alidhani dunia yote ni ile inayoonekana kutoka pale: njia tatu, mto, na mahali msitu unapoanza upande wa magharibi.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1959 kwa misheni, akamaliza 1965. Alipenda hesabu na dessin, yaani kuchora. Mwalimu wake alimwambia bibi yetu Élise kwamba huyu mtoto anapiga mistari iliyonyooka bila rula, asiachishwe shule. Lakini mwaka 1968, akiwa katika mwaka wa tatu wa sekondari, babu Vital alifariki, na Papa akaacha masomo. Hakulalamika juu ya hilo. Ila kila alipokutana na mtu aliyesoma ujenzi, alimkalisha chini na kumuuliza maswali mpaka chakula kipoe.

Mwaka 1969 alienda Ariwara kubeba magunia ya mfanyabiashara mmoja. Mwaka 1974 alipata meza yake sokoni, akauza chumvi na vitenge. Mwaka 1981 alinunua kamio ya kwanza, lori nzee yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Miaka mitano baadaye alikuwa na kamio saba kwenye njia ya Ariwara na Bunia, na depo ya simenti na manjanja ya kuezekea nyumba hapa Bunia, katika komini ya Mbunya. Ndiyo sababu wengi wenu mlimjua kwa jina la Patron Manjanja. Nyumba nyingi za mji huu zimefunikwa na bati lililopita mikononi mwake.

Alifunga ndoa na mama yetu, Alphonsine, tarehe 22 Desemba 1979. Mama alikuwa mshonaji. Aliona mbali kuliko Papa na alisema kidogo kuliko yeye. Walizaa watoto wanne. Mmoja alifariki akiwa na miezi mitano. Tuliobaki ni mimi, Fiacre na Solange.

Sasa nifike kwenye nyumba, sababu huwezi kusimulia maisha ya Papa bila ile nyumba.

Tarehe 15 Agosti 1987, baada ya kukubaliana na wazee wa kijiji, aliweka jiwe la kwanza juu ya Mulima Dhezo, palepale baba yake alipokuwa akichunga ng'ombe za watu. Alichora plan yeye mwenyewe katika daftari la shule. Alimwita fundi Kamate kutoka Butembo, kijana wa miaka thelathini wakati ule, ambaye yuko hapa leo. Kamate aliangalia daftari siku mbili, akasema: "Patron, iko muzuri, lakini itaanguka." Wakaanza kuchora tena wote wawili.

Ilijengwa miaka tisa. Matofali yalichomwa chini ya mulima, na mawe ya msingi yalitoka mtoni. Nyumba ilikuwa na umbo la kwato ya farasi, iliyofunguka upande wa magharibi ili kila chumba kipate jua la jioni. Vyumba vilikuwa ishirini na viwili. Baraza ilizunguka ndani yote, ikibebwa na nguzo thelathini na mbili za mviringo. Dari na milango vilikuwa vya libuyu, mbao nyekundu kutoka Mambasa. Chini ya uwanja alichimba siterne kubwa ya kukusanya maji ya mvua kutoka paa zote, sababu juu ya mulima hakuna chemchemi. Kushoto kulikuwa kapela, nyumba ndogo ya sala, yenye kengele. Kulia kulikuwa munara wa ghorofa tatu, wenye dirisha kila upande. Munara ule aliujenga kwa sababu ya kamio zake. Alipanda asubuhi, akaona vumbi kwenye njia, na akajua gari linakuja saa nzima kabla halijafika.

Aliagiza pia baignoire nyeupe, beseni kubwa la kuogea, kutoka Kampala. Watu kumi na sita waliibeba juu, ngazi mia moja na kumi na mbili. Walipoiweka mahali pake ndipo Kamate akasema kwamba maji hayatapanda mpaka pale. Haikuogewa hata siku moja. Mama alilowekea humo maharagwe ya sikukuu. Siku wageni wa heshima walipotembezwa nyumba nzima na kukuta maharagwe ndani ya baignoire, Papa aliona haya sana. Mama akamwambia mbele yao: "Hubert, weye ulijenga nyumba ya kuangaliwa. Miye ninapika." Papa alicheka mpaka akakaa chini.

Wengine walisema nyumba ile ni kiburi. Sitabisha. Papa alipenda ionekane. Alitaka mtu akiwa mbali aulize ni ya nani, na ajibiwe kwamba ni ya mtoto wa yule aliyechunga ng'ombe za wengine.

Vita vya kwanza vilitukimbiza mpaka Ariwara. Tuliporudi mwaka 2005 tulikuta kuta bila paa, milango yote imeng'olewa, na mbuzi ndani ya kapela. Kati ya kamio saba ilibaki moja. Alijenga tena, polepole, mpaka 2011. Mama alimuuliza kama vyumba vinane havitoshi. Akajibu kwamba Kamate bado ana nguvu.

Kisha ikaja Februari 2018. Vijiji vya chini viliungua, na watu wakapanda zile ngazi na watoto mgongoni. Papa alifungua malango yote mawili. Walilala salon, chini ya baraza, ndani ya stoo, ndani ya kapela. Kufikia mwezi wa Juni walikuwa watu mia tatu na arobaini. Maji ya siterne ndiyo yaliwaweka hai. Mama Martine, ambaye amekaa pale mbele, alizalia mtoto wake katika kapela, na Mama yetu alikata shuka zake za harusi kumfunika.

Siye watoto tulimpigia simu kila juma. Nilimwambia: "Papa, mushuke Bunia, weye na Mama. Nafasi iko." Alijibu: "Miye nikishuka, hawa watu watapanda wapi?" Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapashwi kumwambia mzazi. Nilimwambia kwamba anaupenda mulima kuliko Mama. Aliniuliza kama watoto wanaenda shule.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano ilitoka Bunia kila mwezi, na Fiacre ndiye aliyeipeleka kwa pikipiki. Mwezi wa Agosti 2019 njia ilifungwa kwa sababu ya vita. Fiacre alifika kwenye kizuizi na dawa ndani ya thermos yenye barafu, akakatazwa kupita. Alikaa pale siku nne. Alinunua barafu kwa mama mmoja wa kuuza samaki, akabadilisha kila asubuhi. Aliomba, akapiga magoti, akajaribu porini akarudishwa kwa risasi. Kutoka pale aliweza kuuona munara. Siku ya nne Mama mwenyewe alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Fiacre, rudi, mutoto wangu. Hiyo dawa umupatie mugonjwa mwenye iko karibu." Alifariki kesho yake, tarehe 9 Agosti. Papa alimzika kando ya kapela. Kamate alijenga kaburi la nafasi mbili, moja ya Mama na moja ya Papa, na Papa alitupigia simu akasema: "Pahali pangu munapajua."

Mwezi wa Oktoba watu wenye bunduki walituma mjumbe. Walitaka munara, sababu mwenye kukaa ndani yake anaona njia tatu. Juma lililofuata, upande mwingine ulituma mjumbe wake na ombi lile lile. Papa alielewa kwamba popote atakapoelekea, watu wake watauawa. Akamwita Kamate.

"Fundi, ule munara tuubomoe."

Kamate alidhani hakusikia vizuri. "Patron, tuliujenga miaka mbili."

"Njo maana ninakuomba weye. Weye njo unajua pahali kwenye unashikia."

Waliubomoa siku tatu kwa nyundo na mitarimbo. Wanaume waliokimbilia kwetu walisaidia. Papa alibeba matofali na mikono yake, akiwa na miaka sitini na saba, na kila tofali lililotoka zima alilipanga pembeni, kama mtu atakayejenga tena. Alipomaliza aliwatumia wajumbe wote wawili habari kwamba juu ya Dhezo hakuna tena kitu cha kuona.

Haikusaidia. Ninasema hivyo sababu nilipewa sharti nisidanganye. Tarehe 19 Januari 2020, saa moja ya asubuhi, walikuja. Hatukujua ni akina nani, na hata leo kila mtu anataja wengine. Ézéchiel, mlinzi wa nyumba kwa miaka ishirini, alifungua lango dogo la nyuma na kusimama kwenye lango kubwa, akilisukuma kwa mwili wake mpaka watu wakapata nafasi ya kushuka. Alikufa pale. Walikufa watu kumi na mmoja. Majina yao yameandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa programu hii ya mazishi, mbele ya majina ya siye watoto. Papa ndiye aliyeomba hivyo. Yeye mwenyewe alivutwa na Kamate kwa mkono, akiwa anageuka nyuma kila hatua.

Tangu siku ile aliishi nyumbani kwangu, hapa Rwambuzi, katika chumba kimoja. Kila mtu aliyetoka upande wa Djugu alimuuliza: "Nyumba iko wima?" Wote walimjibu: "Iko, Muzee." Mimi pia nilimjibu hivyo, miaka mitatu. Kisha mwaka 2023 mtu mmoja alimwonyesha picha kwenye simu yake. Paa hakuna. Nguzo tano zimesimama. Kapela imeungua. Kando ya kapela ni majani marefu tu, huoni kama kuna kaburi. Papa aliangalia muda mrefu, akamrudishia kijana simu yake, akamshukuru. Nilisubiri alie au anikaripie kwa ule uongo. Aliniuliza: "Priscille, nilikosea?"

Sikujua anauliza juu ya nini: kujenga, ao kukaa, ao kufungua malango, ao kubomoa. Leo ningeweza kusema mengi. Siku ile niliinuka nikaenda kuchota maji, na maji yalikuwa tayari ndani ya nyumba.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024. Upande wake wa kuume ulilegea, maneno yakawa mazito. Figo zikafuata. Alilazwa mara tatu. Siku za mwisho alimtaja Mama kila saa, na alitaka kujua kama njia imefunguka. Fiacre alienda mpaka kwa wakubwa wa jeshi na kwa wakubwa wa kijiji kuuliza kama tunaweza kupita na jeneza siku itakapofika. Walimsikiliza vizuri. Walisema hapana. Papa alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne ya asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu, mkono wake katika mkono wa Solange.

Muzee Hubert Lobho ameacha watoto watatu: Priscille, Fiacre na Solange, wajukuu kumi na mmoja, na kitukuu mmoja, Grâce, mwenye majuma sita. Ameacha rafiki yake Kamate, ambaye siye watoto tunamwita Baba mdogo. Ameacha watu mia tatu na zaidi ambao wamekaa chini ya mabache ya plastiki kwenye kambi, na ambao hawajui watarudi lini.

Mnaona kaburi lililo mbele yetu. Kamate alilijenga jana na juzi, yeye peke yake, akakataa msaada. Alilizungushia tofali na simenti chini na pembeni, lakini kifuniko hakukifunga. Amekitengeneza kwa vipande vinne, kila kimoja na shikio la chuma, ili watu wanne waweze kukiinua bila kuvunja kitu. Nilimuuliza kama kweli anaamini tutampeleka Papa kwa Mama siku moja. Alifuta mikono yake, akasema: "Sijue, binti. Lakini fundi haifungi kazi yenye haiyaisha."

Bwana amupokee mtumishi wake. Alale hapa kwanza.