Hewa ya Juu ya Ua wa Zamzam

Benchi letu la kahawa pale Kondele lina watu watatu na msumari mmoja, na msumari ndio pekee wenye msimamo. Mimi naitwa Pasipoti: nimefika hadi Muscat kuosha magari, nikarudi kwa miguu yangu. Yuko Uzair, Maalim Nusu, aliyetoroka madrasa kabla kitabu hakijaisha, na Ooko, Wakili, ambaye mahakamani ameingia kama mshtakiwa tu. Asubuhi hiyo tulikuwa na kesi. Dalali mmoja alirusha drone apige picha fleti zake, ikashuka juu ya ua wa Zamzam, mjane aliye edani, ikamnasa kichwa wazi akiosha nywele. Video ikazunguka mtaa mzima.

— Sheria iko wazi, alisema Maalim Nusu. Wanavyuoni walisema hewa hufuata ardhi. Ua ni wake, basi hewa ni yake mpaka mawinguni.

— Ati mawinguni? Wakili akaruka. Basi ndege ya Nairobi ipige hodi kwanza!

— Hodi ni lazima, omera. Kuchungulia nyumba ya mtu ni haramu, hata kwa tundu la mlango.

— Tundu liko chini. Mwewe pia anaona kuku wangu kutoka juu.

— Mwewe hana WhatsApp, nikasema.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Wakili, hiyo methali imeingiaje hapa?

— Kwa juu, kama drone. Sikizeni, tuagize nyavu Port Victoria, tufunike paa zote. Tuzivue drone kama omena!

— Lakini dalali anasema ilipita juu sana, nikawachokoza. Haikuona kitu.

— Muongo! Wakili akafoka. Povu la sabuni lilionekana!

— Na leso ya kijani begani, akaongeza Maalim Nusu.

Hapo akafika Mbarak, kaka yake Zamzam. Tukamsogezea nafasi. Hakuketi.

— Dada yangu hatoki tena uani. Anaoshea vyombo chumbani, dirisha amefunga. Dalali amekubali tukae mbele ya wazee wa msikiti, lakini ameifuta video kwenye makundi yote ya WhatsApp na anaapa haikuwepo. Wazee wanataka watu wawili walioiona kwa macho yao. Wazee wangu, nyinyi mnajua kila kitu cha huu mtaa. Nani aliiona?

Wakili akamtazama Maalim Nusu. Maalim Nusu akanitazama mimi.

Kikombe changu kilikuwa kitupu. Nikakinywa vivyo hivyo.