Mzigo Haujafika Mpaka Kamba Ilegee

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa yadi ya mizigo mliokuja na makoti yenu ya kazi kwa sababu mnajua angewauliza mmeyaacha wapi, familia imeagiza historia hii iwe fupi, marehemu naye aliagiza iwe fupi ila kila kitu kisemwe, kwa hiyo mtuvumilie.

Marehemu, ambaye wote mlimwita Mama Juu, jina lake la kwenye vyeti likabaki kutumiwa na benki peke yake, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa kuli wa yadi ya reli na mkewe aliyekuwa mshona magunia, na inasemekana alizaliwa mzito kiasi kwamba mkunga alimpima mara mbili, akasema huyu kaja na mizigo yake kabisa.

Siku moja ya mwaka 1964, akiwa na miaka saba, alitumwa kumpelekea baba yake chakula cha mchana, akafika langoni akawakuta makuli wote wamekaa chini, migongo imelowa jasho, macho juu, kwa sababu injini ya kiwanda waliyohangaika nayo tangu asubuhi ilikuwa inapaa hewani imeshikwa na ndoano moja, na ndani ya kibanda cha kioo cha kreni alikuwamo mtu mmoja tu, kikombe mkononi. Alimuuliza baba yake kama yule anayekunywa chai ndiye anayebeba ule mzigo, baba akakiri kwamba ndiye, na hapo marehemu akatamka maneno ambayo ukoo wetu umeyarithi kama wengine wanavyorithi mashamba: “Basi na mimi nataka kazi ya kunywa chai.” Makuli walicheka mpaka wakashika mbavu, isipokuwa baba yake, ambaye kila jioni alikuwa akikandwa shingo kwa maji ya moto, na ambaye alimtazama binti yake akaona kwamba hakuna mzaha hapo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, na kwa kuwa hatukuja hapa kumpaka mtu rangi, tuseme wazi kwamba alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu, kwenye ushonaji alishika mkia bila mpinzani, mpaka asubuhi ile mwalimu wa fizikia alipoingia darasani na ndoo ya mchanga, kamba, na magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia kamba, yaitwayo makapi, akamwita ainue ndoo kwa kapi moja, kisha mawili, kisha manne, hadi akaiinua kwa vidole viwili. Kuanzia siku hiyo alihamia dawati la mbele, akaanza kukesha na hesabu alizokuwa akizikimbia, kwa sababu sasa alijua zinampeleka wapi, na muhula uliofuata meza ya mwalimu mkuu ilikutwa ikielea chini ya boriti ya ukumbi, imetulia tuli, chupa ya wino juu yake haijamwaga hata tone. Adhabu ilikuwa kufyeka uwanja wote wa michezo, na mwalimu wa fizikia, aliyekunja uso mbele ya watu, alimpitia huko alikokuwa akifyeka akamnong'oneza kwamba lile fundo la tatu lingeweza kukazwa zaidi. Ripoti yake ya mwisho iliandikwa kwamba hujitahidi katika yale ayapendayo tu, shule ikadhani imelalamika, kumbe ilikuwa imetabiri.

Alijiunga na chuo cha ufundi mwaka 1976, msichana pekee katika darasa la mitambo, akahitimu mwaka 1978 akiwa wa pili, na tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika yadi ileile aliyobebea mizigo baba yake, ambako walikisoma cheti chake kwa makini, wakampongeza, wakampa birika. Ndiyo, ndugu waombolezaji, yule aliyetaka kazi ya kunywa chai alipewa kazi ya kuipika. Mwingine angekata tamaa, yeye alijitolea kuipeleka chai ya mwendesha kreni mpaka kwenye kibanda chake, ngazi zote zile, mara mbili kwa siku, kwanza kwa sketi ya ofisi, baadaye kwa suruali aliyoipigania kwa barua tatu, na mzee yule alipokuwa akipuliza kikombe, mhudumu wake alikuwa akiuliza mkono huu ni wa nini na ule unavutwa lini. Mwaka 1981 alifanywa mtoa ishara, yaani yule anayesimama chini na kumwelekeza mwendeshaji kwa mikono, mwaka 1988 akapewa kreni ndogo, na kreni kubwa ilikuwa moja, kiti kimoja, na mwenye kiti alikuwa na afya njema ya kuudhi. Jina la Mama Juu lilimpata wakati huo, kwa sababu kila aliyefika yadini kumuulizia alijibiwa yuko juu, hata siku ambazo alikuwa chini, anachungulia.

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na fundi saa ambaye kibanda chake kilitazamana na lango la yadi, baada ya kumpelekea saa moja ileile mara tatu kwa hitilafu ambayo fundi hakuiona, na mara ya nne fundi akauliza kwa upole kama kweli kinachosumbua ni saa. Walijaaliwa watoto watatu, mwaka 1984, 1987 na 1990, wote tupo hapa, na nyumba ikakamilika alipokuja kuishi nao mama mzazi wa fundi saa, bibi yetu, ambaye alimpenda mkwe wake lakini hakuipenda kazi yake, na majirani walipouliza alisema mkwe wake yuko ofisi za reli, jibu lililokuwa kweli kabisa kama ofisi hizo ungezitafuta hewani.

Januari 1995 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mwendesha kreni kubwa alitangaza kustaafu na mtihani wa kumrithi ukapangwa mwezi Machi, mtihani ambao marehemu alikuwa ameusubiri miaka kumi na sita, na juma hilohilo bibi yetu akapatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, akawa wa kuinuliwa kitandani, kuogeshwa, kukalishwa na kurudishwa kutwa nzima, na fundi saa alikuwa na mgongo usioweza kubeba hata debe la maji. Kikao cha ukoo kiliitwa, na wifi mkubwa, aliyekaa pale mstari wa mbele na ambaye anajua kinachokuja, alisimama akaeleza kwa ufasaha kwamba mke wa nyumba ndiye anayepaswa kuacha kazi, kwamba kupandapanda huko kulikuwa mambo ya ujana, na kwamba mama ni mmoja. Wote waliitikia kwa vichwa, hakuna aliyejitolea chochote zaidi ya kichwa. Marehemu aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba mama ni mmoja, sawa, na tatizo nalo ni moja, mama ni mzito, na uzito ni kitu ambacho yeye alikisomea.

Akaazima winchi ya mkono, ile ya kuvuta kwa mnyororo, fundi mwashi akapitisha chuma kutoka ukuta hadi ukuta juu ya kitanda cha bibi, na yeye mwenyewe akashona kiti cha turubai, mishono mitatu mitatu, kwa mikono ileile iliyoshika mkia katika ushonaji, kwa sababu mara hii alijua anashona nini na kwa ajili ya nani. Akakijaribu kwa magunia ya mchanga, akakijaribu kwa mumewe, aliyepaa hadi karibu na dari bado amevaa miwani yake ya kutazamia saa, na Jumamosi moja asubuhi akamfunga bibi mikanda, akamweleza kila hatua kabla hajaifanya, akaanza kuvuta mnyororo taratibu, bibi akaondoka kitandani kama mkate unavyoumuka.

Wifi mkubwa aliingia wakati huohuo. Aliangusha kikapu, akasema kwa sauti iliyowaleta majirani kwamba mama yake ananing'inizwa kama nyama buchani, na kwamba ashushwe sasa hivi kabla hajaita serikali. Ila bibi, kwa kupanda kule, alikuwa amefika usawa wa dirisha, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa alikuwa anaiona barabara, mwenye duka anafungua milango, mtoto wa jirani anaanguka na baiskeli na kuinuka, na akiwa hewani vile, kwa ulimi mzito lakini kwa neno lililosikika mpaka mlangoni, akasema: “Bado naangalia.”

Hakushushwa. Na kwa kuwa mnyororo ule haukutaka nguvu, ulitaka subira tu, fundi saa akahamishia meza yake ya kazi sebuleni ili mchana awe karibu na mama yake, majirani wakajifunza, na wifi mkubwa, baada ya siku kadhaa za kununa, akaomba ajaribu kidogo, akaonekana ana mkono laini kuliko wote, akawa mtu wa Jumanne na Alhamisi kwa miaka minane, bila kukosa, na marehemu alipenda kusema kwamba reli ilipoteza mwendesha kreni mzuri siku wifi yake alipochagua kuuza vitambaa.

Hata hivyo, kadiri mtihani ulivyokaribia, marehemu alianza kusitasita, akawa anasema labda mwakani, huku akijua mwakani hakuna kiti, na ilikuwa bibi, ndiyo, bibi wa ofisi za reli, aliyemshika mkono asubuhi ya tarehe 21 Machi akamwambia: “Nenda kapande, mwanangu. Mimi umeshanipandisha.”

Mtihani ulikuwa kulitoa upande mmoja wa yadi tangi wazi lililojaa maji, kulipitisha juu ya mabehewa, na kulitua kwenye jukwaa bila kumwaga. Watahiniwa watatu wa kwanza, wanaume wenye mikono mizuri, walimwaga, mmoja wao akamwogesha msimamizi. Akapanda yeye, na ndugu zangu, yadi nzima ilisimamisha kazi, makarani walitoka ofisini, kuli mstaafu mwenye shingo mbovu aliletwa kwa mkokoteni akawekwa langoni, tangi likapanda, likapita, maji yakatetemeka kidogo tu kama mtu anayepumua usingizini, likashuka, likashuka, likagusa jukwaa, na hata hapo hakuachia, alisubiri hadi kamba ilipolegea yenyewe ndipo akafungua ndoano. Hakuna tone. Makuli walirusha kofia zao zikatua popote, na msimamizi aliyelowa alipomuuliza amefanya mazoezi wapi, alijibu kwamba wenzake walijifunza kwa vyuma, na chuma hakilalamiki, yeye kwa miezi miwili amekuwa akishusha mama mkwe. Na baba yake alisema neno moja tu pale langoni, akauliza chai iko wapi.

Alianza kazi juu ya kreni kubwa tarehe 1 Aprili 1995, akapanda na chupa yake ya chai, na jioni akashuka nayo imejaa vilevile, kwa sababu siku nzima alisahau kunywa. Mwezi uliofuata bibi aliomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu hadi langoni, akakaa pale saa nzima akimwambia kila apitaye, hata wasiouliza, kwamba yule kule juu ni mkwe wake. Bibi alitutoka mwaka 2003, na marehemu aliendelea hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017, akiwa amewafundisha kazi wasichana wanne, wote wamo katika makoti yale pale nyuma, na wote waliambiwa siku ya kwanza maneno yaleyale, kwamba kuinua kila mtu anaweza, ila mzigo haujafika mpaka kamba ilegee.

Novemba 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi, akatibiwa kwa miezi tisa, na mwili ulipokataa kuinuka, tulitoa ile winchi ya bibi kwenye kabati, tukaipaka mafuta, tukaifunga kwenye chuma kilekile. Tusiseme uongo kwamba alikuwa mgonjwa mwepesi, alitoa ishara kwa mkono akiwa hewani, alimwambia binti yake mwenye shahada mbili kwamba anavuta mnyororo kama mtu anayechota maji huku nyumba inaungua, na alikubali kutulia pale tu wifi mkubwa, miaka sabini na sita sasa, aliposhika mnyororo mwenyewe. Tarehe 18 Agosti 2024, saa mbili asubuhi, wifi alimpandisha hadi usawa wa dirisha, marehemu akatazama barabara kwa muda mrefu, akashushwa taratibu, na alipogusa godoro hakufumbua macho tena. Wifi anasema alingoja mnyororo ulegee kabla ya kuuachia. Tunamwamini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hususan muuguzi wa asubuhi aliyevumilia kufundishwa namna ya kusogeza kitanda, majirani mliotuinulia kila kitu kwa siku hizi tano, na wafanyakazi wa yadi, ambao siku ile alipotutoka mliinua ndoano zote hadi juu kabisa mkaziacha zikae, hatukuwaomba, tuliona kutoka barabarani tukasimama kuzitazama.

Kwa mnaoshika kamba za jeneza sasa hivi, maagizo yake ni haya: mtoa ishara ni mmoja tu, naye ni wifi mkubwa, msimtazame mtu mwingine, hata akiwa anapiga kelele, msiharakishe, na asiachie mtu mpaka yeye afunge ngumi.

Pumzika kwa amani, Mama Juu, huku chini tumeshika vizuri, na safari hii kunywa chai yako ingali ya moto.