Mwaka Niliookoka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Furaha, muuza asali pale karibu na stesheni ya Itigi. Nimeshuhudia mara nyingi hapa mbele, lakini leo nasimama kwa aibu. Nimekuja kueleza jinsi Mungu alivyotuokoa na mdomo wangu mwenyewe.

Mnajua akina bibi wa kanisa letu hawana akaunti benki. Pesa zao za kuku na za asali zilikuwa zinakaa kwenye makopo. Programu ya pochi ya simu ilipofika, mimi ndiye niliyewapeleka kwa wakala kujisajili, mmoja mmoja. Na kwa kuwa hawakusoma, nikawawekea wote namba ya siri moja, yaani mwaka niliookoka. Nilijiona nina akili kweli! Wakitaka kutoa pesa wanakuja kwangu, nabonyeza mimi. Ndugu zangu, nilipenda kuhitajika. Nalisema hilo bila kuumauma maneno.

Sasa mwaka huo nani asiyeujua? Kila nikisimama hapa nautaja. Na Jumapili moja nikaongeza kwa majivuno kwamba hata pochi za akina bibi nimezifunga kwa mwaka huo, ili Bwana azilinde. Mkanipigia makofi!

Bibi Esteri alikuwa anaweka pesa za operesheni ya macho. Aliuza mbuzi wake wote. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia liliona ukungu tu. Tulimwandika kwenye ubao wa wagonjwa pale mlangoni, jina na namba ya simu, ili watu wampigie wamtie moyo, kama tunavyofanya siku zote.

Akapigiwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nachuja asali, nikamwona anakuja na fimbo yake, simu ameishika mbele.

"Mwanangu, kuna kijana wa kampuni ya simu. Anasema pochi yangu inataka kufungwa, nimtajie namba zilizoingia. Tarakimu nazijua, ila macho hayazifikii. Nisomee wewe."

Nikaangalia ule ujumbe. Palikuwa na tarakimu sita, na chini yake maneno kwamba pochi inafunguliwa kwenye simu nyingine, usimpe mtu yeyote namba hizi. Na yule kijana bado alikuwa anasubiri kwenye simu! Nikamuuliza yeye ni nani. Akanijibu kwa upole kabisa.

"Mama, nisomee haraka, muda unaisha. Usiwe na wasiwasi, namba yake ya siri ninayo hapa."

Akautaja mwaka niliookoka.

Ndugu zangu! Nikakata simu, nikakaa chini na mikono yangu ya asali, nikalia mbele ya bibi. Yule mtu alikuwa na kila kitu, na mimi ndiye niliyempa. Zilibaki tarakimu sita tu. Bibi angekuwa anaona vizuri, angezisoma palepale kwake, na pesa za operesheni zingekwisha. Bwana alilitumia lilelile jicho bovu!

Hatujamjua mtu yule hadi leo. Saa ileile tulikwenda kwa wakala kubadilisha namba. Nikanyoosha mkono nichukue simu kama nilivyozoea. Bibi akaivuta kifuani.

"Nielekeze kwa mdomo," akasema. "Halafu geuka kule."

Nikageuka, nikatazama reli. Nikamsikia anapapasa vitufe na kubonyeza polepole, mara nne. Iliniuma, sitawaficha. Miaka yote nilimwona kama mtoto, kumbe nilikuwa namnyima kitu chake. Wiki hiyo akina bibi wote walichagua namba zao, nami nimegeuka kila mara. Namba za simu tumezifuta ubaoni.

Ndugu yangu, kama siri yako ni mwaka wa ndoa au wa kuzaliwa, mwaka ambao mtaa mzima unaujua, usilale nayo leo. Kaibadilishe, kisha umwamini Mungu akulinde. Namshukuru kwa rehema zake, maana nilistahili kuaibika zaidi ya hivi. Bibi Esteri yule pale, benchi la pili, ananiona ninavyolia. Namba yake ya siri mimi siijui. Mungu atukuzwe!