Miguu ya Mgonjwa wa Mashine

Uvumi ulinikaa kichwani: ile mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu hunyonya damu isirudi. Binti yangu amewekewa. Leo, ndani ya basi la kwenda hospitali, mzee mmoja nyuma yangu alikuwa akimlalamikia mama aliyestaafu uuguzi.

“Kila nikimfunika mke wangu miguu pale kwenye mashine ya moyo, wauguzi wanamfunua! Tangu ujana wetu mimi ndiye namfunika, maana blanketi hulipiga teke kama punda.”

“Mzee wangu, mpira wa damu, ule unaorudisha damu mwilini kutoka kwenye mashine, umeingilia pajani. Blanketi likiukunja, damu inapungua. Zamani zetu tulishika unyayo. Ukiwa na joto, tunajua damu inafika. Siku hizi kuna kipimo cha mguuni kinacholia damu ikipungua, lakini unyayo bado tunautazama.”

“Kwa hiyo nikae tu kama mgeni?”

“Mshike mkono.”

“Mkono wake haujawahi kuona baridi, dada!”

Basi likasimama, wakashuka wakibishana. Mimi nilikuwa nimebeba soksi za sufu nilizomfumia binti yangu. Nikazificha mkobani.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:
Kufunika miguu bila kuuliza.
Kuegemea mpira wa damu.
Kugusa kipimo kikilia.
Kunyamaza mkiona unyayo umebadilika rangi.