Chelewa ya Fundi Mung'aro

Zamani fundi alilikausha kila tundu kabla ya kutia bolti; siku hizi humwaga mafuta, hukaza, na akiharibu husingizia chuma.

Ndugu yangu Yeremia Mung'aro alizaliwa Rabai mwaka 1887. Katika shule ya misheni, miaka minne, alijifunza kusoma, kuandika na kusema kweli. Hilo la tatu sasa halifundishwi. Mwaka 1911 aliajiriwa Kilindini kwenye winchi. Tarehe 9 Mei 1914 alifunga ndoa na Nasipwondi, aliyekuja pwani na kaka yake mfanyakazi wa reli. Mwaka 1926 alihamia gereji ya Bwana Dawoodbhai, Makadara.

Agosti 1942, akifunga kichwa cha injini ya lori, alimimina mafuta katika matundu yote ya bolti. Moja halikuwa na pa kutokea. Mafuta yakakosa njia, na alipokaza, injini ikapasuka. Hakuna aliyeona, na kwa ajili ya vita vipuri havikuja. Angeweza kusema ufa ni wa zamani. Alimwendea tajiri wake, Dawoodbhai.

"Sheth, ni mimi."

"Mung'aro! Mwizi gani wewe, wajipeleka polisi mwenyewe?"

"Nifukuze, ila usimlaumu mwingine."

Dawoodbhai alifoka mpaka adhuhuri, kisha akamwita wanywe chai. Ufa ukaungwa.

Tangu hapo hakufunga injini bila chelewa ya ufagio, ule ujiti mwembamba wa jani la mnazi. Aliitumbukiza katika kila tundu: ikizama hadi kwenye njia ya maji, bolti yake aliipaka dawa ya kuzuia kuvuja; ikigota chini, alilikausha tundu hadi chelewa itoke kavu, akazipaka hesi, yale meno ya bolti, tone moja la mafuta.

Mafundi wapya walimcheka: "Mzee, wafagia injini?"

"Naam. Nafagia ujinga."

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu. Alifariki nyumbani Jumanne, 14 Juni 1949. Ameacha mjane Nasipwondi, binti yao Rakeli na wajukuu wawili. Mola ampe usingizi usio na wasiwasi, maana wasiwasi alikuwa nao mmoja: kwamba akiondoka, gereji itarudia kumwaga mafuta.

Nilimwona mwisho Jumapili, tarehe 12. Dawoodbhai aliingia, akakaa kitandani, akatoa chelewa mfukoni.

"Lori la Mwembe Tayari, Fundi. Wamefunga jana. Matundu yote wameyapima, nami nimesimama hapo."

Ndugu yangu aliipapasa ncha kwa kidole gumba.

"Kavu," akasema. Akacheka, akaomba chai.