Aliyewasha Taa Akafungwa

Karatasi mliyoshika ameichapisha baba mdogo, mdogo wake marehemu, na inasema baba yetu "aliugua kwa muda mfupi." Jipepeeni nayo. Mimi bintiye wa kwanza nitasoma ya kwangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, wa kwanza kati ya watoto wawili. Mwaka 1981 alipelekwa ng'ambo kusomea mitambo, na nchi ileile iliyotujengea kituo cha umeme. Aliporudi alimsomesha mdogo wake, akamtafutia kazi ofisini kituoni.

Mwaka 1988 alimwoa mama yetu. Mtambo namba mbili aliutegea sikio kila siku kwa miaka thelathini na mitatu, na mama akimtania: "Mke mwenzangu ana tani arobaini, nitamshindaje?"

Tarehe 6 Februari 2018 wanajeshi walipindua serikali. Wageni waliojenga kituo walifukuzwa, wakaondoka na vitabu vyote vya mtambo. Wiki iliyofuata wakatua mahasimu wao, kofia mpya kichwani, mkataba umeshaandikwa. Mtambo ukazima, na wodi ya wazazi ikakosa umeme. Baba alimpigia simu mwalimu wake wa ng'ambo, wakaongea dakika kumi na moja, taa zikawaka.

Baba mdogo alikuwa dawati la pili. Alimwambia ofisa usalama: "Kaka anawasiliana na wale waliofukuzwa." Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alichukuliwa akiwa ndani ya ovaroli yake, baba mdogo akawa meneja.

Alifungwa miezi kumi na tisa. Huku nyuma waliofukuzwa walirudi, wakagawana na mahasimu wao: hawa kituo, wale bandari. Walipiga picha na majenerali wakicheka. Hakuna aliyeuliza habari za fundi. Alitoka figo zimekufa, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 3 Desemba 2019. Nilimuuliza tumfanye nini mdogo wake. "Mwachieni Mungu, mwanangu," alisema. Nisamehe baba, mimi siwezi.

Mashada ya balozi zote mbili yako nje ya geti. Mwenye mbuzi ajichukulie.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Ameacha pia ndugu mmoja, yule wa tai nyeusi mstari wa mbele. Baba mdogo, udongo wa kaburi hili hutautia mkono. Inuka, upite katikati ya watu wakuone.

Baba apate amani. Aliyemuuza asiionje.